Walikupigia Makofi Mzumbe

Mdogo wangu Kibwana,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu si nzuri, kwa hiyo hapo tuparuke. Nakuandikia asubuhi, nimekaa barazani. Mvua ya vuli imekataa kukatika na ndizi zangu haziwezi kushuka sokoni kwa barabara hii. Mjomba Mbaraka amenikuta na daftari la mwanao Rehema mapajani, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia Kibwana. Akasema, "Marehemu huombewa dua, Mwajuma, hagombezwi." Nikamjibu kwamba dua nimeomba miezi minane, leo nataka kugomba.

Basi nisikilize. Ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kusikiliza.

Wiki tatu zilizopita walikuja hapa Kinole vijana wawili na dada mmoja, na gari. Ni wale wanaozunguka vijijini kufundisha ujasiriamali, ambao wewe ulikuwa ukiwafuata kila wanapokwenda, hata kama ni kwa ajili ya soda na daftari la bure. Wakasema itafanyika siku ya wajasiriamali katika ukumbi mmoja kule Mzumbe, na wameamua kukuenzi. Walilitamka hivyo, kukuenzi. Mimi nikasema nina shamba. Zainabu mkeo akasema tutakwenda. Eda alishaimaliza zamani, lakini nguo za rangi alikuwa hajazirudia. Siku ile alivaa kitenge cha kijani, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akanitazama na mimi, na sikuweza kumwambia kwamba sitaki.

Ukumbini nilikukuta mlangoni. Picha yako, ndefu kama mlango wenyewe, umeshika pakiti ya fenesi kavu na unacheka. Naikumbuka picha ile ilivyopigwa. Nilikuwa pembeni yako. Mpiga picha aliniomba nisogee kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa ulimbo wa fenesi, na wewe ukasema, "Sogea kidogo tu, dada, mara moja." Nikasogea. Nimesogea hivyo tangu ulipozaliwa.

Wakatukalisha mbele. Mwezeshaji, bwana mmoja msafi, mwenye sauti ya kupendeza, akaanza kueleza sifa za mjasiriamali. Kila sifa aliyoitaja alikutaja na wewe. Mjasiriamali huona fursa pale wengine wanapoona tatizo. Kibwana aliona mafenesi yanaoza chini ya miti, akaona mali. Makofi. Mjasiriamali hathubutu nusunusu. Makofi. Mjasiriamali akianguka huinuka. Kibwana alianguka mara nne, akainuka mara tano. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akateremsha sauti akasema, "Na ndugu yetu huyu alifanya kazi hadi siku zake za mwisho, akiwa mgonjwa, akiwa na maumivu, kwa sababu alikuwa na ndoto. Huyo ndiye mjasiriamali." Ukumbi mzima ukasimama.

Nikaigeukia ile mikono, Kibwana. Watu wazima, wanafunzi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wanapiga makofi kwa sababu hukwenda hospitali.

Hizo mara nne za kuanguka, yule bwana alizitaja kama mtu anayehesabu vyeo. Mimi nilizifagia. Ulipanda uyoga kwenye chumba changu cha ndizi, uyoga ukaoza, na harufu ikakaa kwenye ndizi hadi wateja wangu wa mjini wakaniuliza kama nimefiwa na panya. Ukachimba bwawa la samaki pale bondeni nilipokukataza, masika yakaja yakabeba samaki wote hadi mtoni, na wewe ukasimama kwenye mvua unacheka, unasema angalau mto umepata samaki. Ukaleta sungura. Wale sungura nililala nao mimi, baridi ya huku juu ilipokuwa inawaua, na bado walikufa. Ile ya nne siitaji kwa sababu mama mmoja jirani bado anatudai radhi kwa ajili ya kuku wake. Kila mara nilikuwa nakuuliza, "Hutaki kupumzika?" Unajibu, "Dada, mimi nikipumzika naumwa."

Ya tano ndiyo ilikuwa kikaushio. Hiyo nakupa haki yako, ilikuwa akili. Mbao, wavu, karatasi ya nailoni juu, trei sita za kuteleza kama droo. Ulikuja nacho kichwani kutoka semina moja, ukakijenga kwa siku mbili kwenye kiwanja cha mama. Nilisema nailoni itachanika. Haikuchanika. Vipande vya kwanza vya fenesi ulivitoa ukanilisha mwenyewe, kama mtoto, na vilikuwa vitamu, vinatafunika, vina jua ndani yake. Sikukwambia. Nilisema, "Si vibaya." Hilo ni langu, nalijutia, na nakuomba radhi kwa hilo kabla sijaendelea kugomba.

Lakini nani alijua fenesi lipi halina ulimbo mwingi? Nani alipaka mikono mafuta, akachambua, akapanga, akageuza trei kila jua liliposogea, akakimbia kuzifunika wingu lilipotoka upande wa mlimani? Wewe ulikuwa mjini na sampuli. Ulikuwa unarudi jioni na habari: duka fulani limekubali, watalii wamenunua, mtu fulani ameahidi. Nikikuonyesha trei iliyoota ukungu, unaipungia mkono tu. Moyoni ulikuwa umeshaondoka, uko kwenye jambo jingine.

Unakumbuka ile siku uliporudi na daftari la aina za wajasiriamali? Ulitukalisha mimi na Zainabu ukatusomea. Yuko mbunifu, anayeanzisha jambo lisilokuwepo. Yuko mwigaji, anayechukua la mwenzake akaliboresha. Yuko mwenye hadhari, anayesubiri wengine wazame kwanza ndipo apime kina. Halafu yuko mgumu, asiyebadilika hata dunia ikimpita. Ukasema wewe ni wa kwanza, Zainabu ni wa pili. Zainabu akauliza, "Na wifi?" Ukanitazama, ukacheka, ukasema, "Dada ni wa nne. Dada ni mgumu kama kisiki cha mdalasini." Tulicheka wote. Nilicheka na mimi. Usiku huo nililia, na sikumwambia mtu.

Na kule Mzumbe yule bwana alizieleza tena aina zilezile nne, kwa mpangilio uleule. Nikasubiri aeleze nani hugeuza trei wakati hao wanne wako kwenye semina. Hakumtaja.

Sasa nije kwenye yale ambayo sijayaongea na mtu.

Ijumaa ile ulikuja jikoni umeshika tumbo. Masika yalikuwa yamechanganya, na ulikuwa na mzigo wa watu wa mjini waliotaka fenesi kavu kwa ajili ya maonesho. Jua hakuna, umewasha jiko la mkaa chini ya kikaushio, unapuliza tangu alfajiri. Nikakuuliza una nini. "Gesi tu, dada. Nichemshie tangawizi." Nikakuchemshia. Mimi, kwa mikono hii. Jumamosi asubuhi nikakuuliza tena, ukasema maumivu yamekwisha, ukajipiga tumboni kidogo kunionyesha. "Nimekwambia ilikuwa gesi." Nikafurahi. Nilikwenda zangu shambani nikiwa nimefurahi.

Jumapili ulikuwa unachemka kama chungu. Barabara ilikuwa imekatika. Wanaume wakakubeba kwenye machela ya miti hadi lilipokuwa gari, na mimi nilitembea pembeni nimekushika mkono. Daktari wa mjini, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba kidole tumbo kilipasuka, na kilipopasuka ndipo maumivu yalipopungua, ndipo watu wengi hudhani wamepona. Alisema ungefikishwa Ijumaa, au hata Jumamosi. Hakumaliza, aliona uso wa Zainabu. Walikupasua. Walijitahidi, siwalaumu.

Kabla hawajakuingiza uliniita. Niliinama, nikidhani utaniusia wanao. Ukasema, "Zile trei za juu, dada, zigeuze."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kutoka kwako. Watu wengine huachiwa wosia. Mimi niliachiwa trei.

Sikuzigeuza. Nataka ulijue hilo. Tulipokuzika nilikwenda kwenye kikaushio, nikatoa lile fenesi, nikalimwaga shimoni, nikafunga mlango wa ua kwa kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Kiwanja ni cha mama, ni cha ukoo wetu, na Zainabu ni mtu wa ukoo mwingine, kwa hiyo hakuweza kusema kitu. Aliniomba mara mbili. "Wifi, niruhusu nikifungue, nijaribu hata nanasi." Mara zote mbili nilisema bado. Nailoni ikachanika. Kuku wakaanza kutaga humo. Watu wakasema biashara imekufa na Kibwana, dada yake ameiua mara ya pili. Niliwasikia. Waache waseme.

Ndivyo nilivyokwenda Mzumbe, na ufunguo pindoni.

Walipomaliza makofi, mwezeshaji akasema tunaye hapa dada wa marehemu, aliyekuwa msaidizi wake, aje atuambie maneno mawili. Nikapewa kipaza sauti. Sijawahi kushika kitu kile. Nikawasalimia. Vijana wakaitika kwa adabu, wengine shikamoo. Nikasema: "Mimi sikuwa msaidizi wake. Tulifanya kazi pamoja." Wakacheka kidogo, wakidhani ni utani.

Nikasema, "Mmesema mdogo wangu hakuogopa. Aliogopa sana. Aliogopa kulazwa, kwa sababu akilazwa mzigo ungempita. Alikuwa na tumbo linaloweza kutibiwa. Hakufa kwa ajili ya ndoto, alikufa kwa sababu alikataa kusimama siku moja. Mkiwafundisha hawa watoto kwamba hiyo ni sifa, mtawazika."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule bwana alinichukua kipaza sauti kwa upole, akasema, "Tunaelewa uchungu wa mama yetu." Mama yetu. Kisha akaita kikundi cha ngoma.

Zainabu hakunisemesha njia nzima. Gari lao lilitufikisha mpaka pale tope lilipolishinda, sehemu iliyobaki tukatembea. Yeye mbele, mimi nyuma, kitenge chake cha kijani kimelowa hadi magotini. Tulipofika uani aligeuka. Wewe unamjua, Zainabu hapandishi sauti. Siku ile alipandisha.

"Wifi, ile ilikuwa siku yangu moja. Miezi minane watu wananitazama kama mwanamke aliyemwacha mume afe. Leo wamenitazama kama mke wa mtu. Umeshindwa kuninyamazia siku moja?"

Nikamwambia siwezi kunyamazia uongo. Akasema, "Uongo? Unataka kujua uongo?" Akakaa chini, pale pale kwenye tope, na kitenge chake.

Akaniambia kwamba ile Jumamosi ulipojipiga tumboni mbele yangu, ulikuwa umetoka kutapika nyuma ya nyumba. Alikuona. Alikuambia mwende hospitali siku ileile, kabla mvua haijaharibu njia. Na wewe ukamshika mkono ukamwambia, "Usimwambie dada. Dada akijua atanifunga kamba anipeleke." Akanyamaza kwa sababu wewe ni mumewe, na kwa sababu ulimwapisha. Jumapili alfajiri alipotaka kuvunja kiapo ulikuwa huwezi tena kusimama.

Amelibeba hilo peke yake, Kibwana. Miezi minane anakula chakula changu, ananisaidia kumenya ndizi, anaona nimefunga ua kwa kufuli, na ameng'ata ulimi ili nisikuchukie.

Nilikaa na mimi kwenye tope. Sijui tulikaa muda gani, wanao walikuja wakasimama mlangoni wakatutazama, wakarudi ndani. Kitu cha ajabu, jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa nafuu. Ile tangawizi haikukuua. Ulijua kabisa kwamba nikijua, utapona. Ulinijua kuliko nilivyodhani. Kisha hasira ikaja juu ya nafuu hiyo, nyingi kuliko ile ya mwanzo, na ndiyo hii iliyonishikisha kalamu. Ulimwona dada yako kuwa ni kikwazo cha kukwepwa, kama tope barabarani, ukanikwepa. Na ukamtumia mkeo kunikwepa.

Ubunifu wako ulifika mpaka hapo. Hilo nalo waliweke kwenye bango.

Asubuhi yake nilifungua kufuli. Sikutoa hotuba. Nilimwambia Zainabu alete kisu, tukaanza kuchana ile nailoni kuukuu. Mayai ya kuku tulimpa Rehema akayapika. Mbao mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, mjomba Mbaraka akaleta nyingine bila kuombwa, akagongelea misumari huku anasoma bismillahi kila msumari. Kufika adhuhuri kilikuwa kimesimama, kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama wewe ulivyokuwa ukitembea.

Nikamwambia Zainabu masharti yangu. Yeye atakwenda mjini na sampuli, maana ana mdomo mzuri na watu wanampenda, na mimi sitaki kumwona mwenye duka hata mmoja. Mimi nakaa na trei. Akiumwa, kazi inasimama. Nikiumwa, kazi inasimama. Mtoto akiumwa, inasimama hata kama mnunuzi yuko mlangoni na gari linaunguruma. Akasema, "Na mnunuzi akiondoka?" Nikamwambia aende salama.

Akacheka. Alisema wewe ungesema hiyo si biashara. Nikamwambia ndiyo maana hukuulizwa.

Usidhani mambo yamenyooka. Trei za kwanza zilikuwa za nanasi, na nusu ziliota ukungu kwa sababu wingu halikuondoka siku tatu. Tulikula zile zilizobaki wenyewe. Za pili zilikauka vizuri, Zainabu akazipeleka mjini, duka moja likachukua zote, jingine likamwambia arudi mwakani. Wale vijana wa semina wamepiga simu. Wanataka picha yako iwekwe kwenye kila pakiti, ile ya mlangoni, ambayo unacheka. Zainabu anataka. Mimi sitaki. Tumegombana juu ya hilo juzi, tumegombana na jana, na naona tutagombana tena leo akirudi kisimani. Anasema sura yako inauza. Najua inauza. Iliniuzia hata ndizi zilizonuka uyoga, najua.

Ila nimemwona akipanga vile vipande vya nanasi kwenye wavu. Anavipanga kwa mistari, haviachi vigusane, na anavinusa kabla hajafunga. Wewe hukuwahi kuvinusa. Jana wingu liliposhuka alikimbia kabla yangu.

Wanao wazima. Rehema anaandika vizuri, daftari hili nimeliiba kwake na itabidi nimnunulie jingine. Mdogo wake ameanza kufanana nawe kwa kutembea, na juzi alinitangazia kwamba atafuga konokono. Nilimwambia tutazungumza. Sikusema hapana. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kidogo, nikarudi.

Mvua imepungua. Nasikia maji yanadondoka tu kwenye majani ya migomba, na Zainabu ananiita kutoka uani, anataka kujua kama atandaze au asubiri. Nimwambie asubiri. Huku jua la baada ya mvua hudanganya.

Nakuaga, mdogo wangu. Mungu akupe pumziko, maana mwenyewe hukuwahi kujipa. Mkeo nitamtunza kama ndugu, na kiwanja cha mama ni chake kama kilivyo changu. Jambo hilo nimeshamweleza mjomba na ameliafiki. Lakini wewe sijakusamehe. Najaribu, halafu nakumbuka ulivyojipiga tumboni mbele yangu ukitabasamu, hasira inarudi upya. Siku nitakapokusamehe sitaandika. Nitapanda pale kaburini kwa miguu yangu, nikae kwenye majani, nikwambie kwa mdomo. Nakuahidi nitakuja.

Dada yako,
Mwajuma